GABA: kemikali inayotuliza ubongo, na kwa nini haijazwi kichwani kwa kidonge

Mtaratibu (mleta uzi)

Habari wakuu. Kila baada ya muda anatokea mtu humu kuuliza kuhusu "vidonge vya GABA" vya kuleta usingizi na kuondoa wasiwasi, na majibu anayopata ni ya aina mbili tu. Mmoja atamwambia vinafanya maajabu, mwingine atamwambia ni utapeli mtupu. Kazi yangu inahusu dawa za kundi hili, na naona wote wawili wanaruka kitu kilekile: namna kemikali yenyewe inavyofanya kazi. Uzi utakuwa mrefu, kaeni mkao wa kula.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyependa kusoma sana aondoke nao. GABA si maji ya utulivu yanayopungua kichwani halafu ukayajaza. Ni ishara fupi, ya vipande vya sekunde, inayotolewa na seli fulani, mahali fulani, kwa wakati wake. Ukiisukuma kwa nguvu kutoka nje, ubongo nao unasukuma kurudi. Karibu kila utata wa dawa za usingizi na za wasiwasi unaanzia hapo.

Twende. Mawasiliano mengi ya ubongo yanabebwa na kemikali mbili. Glutamati inaamsha seli ya neva, GABA inaizuia. Dopamini na serotonini ndizo zenye jina mitaani, ila kwa wingi wa kazi hazizifikii hizi mbili. Kwenye gamba la ubongo, takriban seli moja kati ya tano ni ya kutoa GABA, na zilizobaki karibu zote ni za glutamati.

Kitu ambacho hakiniishii hamu ni kwamba GABA hutengenezwa kutokana na glutamati hiyohiyo. Kimeng'enya kimoja kinaondoa kipande kidogo cha kaboni dioksidi kwenye glutamati, na kemikali ya kuamsha inageuka ya kutuliza. Hatua moja tu, basi. Lakini kimeng'enya hicho hakifanyi kitu bila vitamini B6. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Marekani, watoto wachanga waliokuwa wakilishwa maziwa fulani ya kopo walianza kupata degedege. Ikagundulika kwamba joto la kiwandani lilikuwa limeiharibu B6 iliyokuwamo. Walipopewa vitamini hiyo, degedege likakoma. Na mpaka leo, mtu aliyemeza isoniazidi (dawa ya kifua kikuu) kupita kiasi akaingia kwenye degedege, tiba yake ni sindano ya B6, kwa sababu dawa ile ikizidi mwilini inaizuia B6 isifanye kazi na GABA haitengenezwi.

Historia kidogo, halafu nawaachia nafasi. Wanakemia waliijua GABA tangu karne ya 19, ila hakuna aliyedhani imo ubongoni hadi mwaka 1950, Eugene Roberts na Sam Frankel walipoikuta kwenye ubongo wa panya. Miaka ile Ernst Florey alikuwa na dondoo ya ubongo iliyonyamazisha neva za kamba wa maji baridi, bila kujua ndani yake kuna nini. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakaripoti kwamba ni GABA. Katika miaka ya 1960, Stephen Kuffler, Edward Kravitz na wenzao wa Harvard wakaonyesha kwamba neva za kambakoche zikisisimuliwa zinaitoa kweli. Kwa hiyo anayekuuzia "siri ya utulivu wa akili" anakuuzia kitu kilichothibitishwa kwanza kwa kamba.

---

Popo Mkesha

Nimeweka kambi hapa. Swali kabla hujaendelea mkuu: hiyo "kuzuia" maana yake seli inalala au inafanyaje?

---

Mtaratibu

Hailali. Kwenye ngozi ya seli inayopokea kuna vipokezi. Cha kwanza kinaitwa GABA-A, nacho ni tundu lililozungukwa na vipande vitano vya protini. GABA ikikaa mahali pake, tundu linafunguka, chembe za kloridi zenye chaji hasi zinaingia, na seli inakuwa ngumu zaidi kurusha ishara. Bado iko macho, ila sasa inahitaji kuchokozwa zaidi ndipo ijibu. Cha pili ni GABA-B, kinachofanya kazi polepole na kupitia potasiamu. Hicho ndicho kinacholengwa na baklofeni, dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa.

Ukitaka kuona thamani ya kuzuia, mwangalie mgonjwa wa pepopunda. Sumu ya bakteria wale inapanda kwenye neva hadi uti wa mgongo na kufunga kutolewa kwa GABA na kemikali mwenzake, glisini. Taya linakaza, mgongo unapinda, na kelele ndogo tu inaweza kumkakamaza mwili mzima. Mgonjwa yule hajaongezewa chochote cha kuamsha. Amenyang'anywa cha kuzuia.

Kuna jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui. Katika ubongo wa mtoto aliye tumboni na muda mfupi baada ya kuzaliwa, seli changa zina kloridi nyingi ndani. Tundu likifunguka, kloridi inatoka badala ya kuingia, na GABA ileile inaamsha seli. Maana yake utulivu haumo ndani ya kemikali. Umo kwenye hali ya seli inayoipokea. Lishikeni hilo, tutalihitaji tukifika kwenye msongo.

---

Mbishi wa Zamu

Si useme tu ni breki ya ubongo tuelewane. Mambo ya kloridi ya nini.

---

Mtaratibu

Breki inafaa kwa sentensi ya kwanza, kisha inapotosha mkuu. Breki ukikanyaga, gari zima linapungua mwendo. Seli za GABA zimetawanyika, kila kundi na kituo chake, na nyingine kazi yake ni kuzizuia seli nyingine za GABA, kwa hiyo matokeo ya mwisho ni kuachia, si kuzuia. Halafu kuna suala la mpangilio wa muda. Seli nyingi zikizuiwa kwa pamoja na kuachiwa kwa pamoja, zinatoa mawimbi. Usingizi wenyewe, tukija kuuangalia, umejengwa kwa mawimbi hayo. Kwa hiyo mtu akisema "ongeza GABA", swali la haki ni: wapi?

---

Jicho la Tatu

Mimi nimekuja kwa ajili ya wasiwasi. Moyo unadunda, kifua kinabana, na akili inajua kabisa hakuna hatari. GABA inahusikaje hapo?

---

Mtaratibu

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye utamu.

Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kifungu cha seli kinachoitwa amigdala. Kinapokea taarifa za macho na masikio na kuamua kama kuna tishio. Kikiamua lipo, kinatuma amri kwenye shina la ubongo na haipothalamasi (sehemu ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni na usingizi): moyo uende mbio, pumzi zifupike, misuli ikaze. Yote hayo yanaweza kuanza kabla hujapata muda wa kufikiri, ndiyo maana kujiambia "hakuna kitu" hakusaidii sana dakika ile.

Sasa, katikati ya sehemu inayopokea na sehemu inayotoa amri kuna vishungi vidogo vya seli, na karibu zote ni za GABA. Vishungi hivyo vinapata maelekezo kutoka sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo. Mtu aliyeumwa na mbwa akikutana na mbwa wapole tena na tena bila kudhurika, hofu yake inashuka. Zamani ilidhaniwa kwamba kumbukumbu ya kuumwa inafutika. Haifutiki. Kinachotokea ni kwamba anajifunza kitu kipya juu yake, na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kuzifundisha seli hizi za GABA kuikatiza amri ya hofu. Ndiyo sababu hofu iliyotulia miaka mingi inaweza kurudi ghafla mtu akiwa mahali pageni au amechoka: ilizuiwa tu, haikung'olewa.

Hapo utaelewa pia kwa nini tiba ya kumkutanisha mtu na anachokiogopa, hatua kwa hatua, inafanya kazi, na kwa nini wataalamu wengi wa tiba hiyo hawafurahii mgonjwa ameze kidonge cha kutuliza kabla ya zoezi. Kidonge kinashusha hofu leo, sawa, lakini somo lenyewe linaweza lisiingie.

Jambo la mwisho kwenye wasiwasi. Vipokezi vya GABA-A haviko vya aina moja, kwa sababu vile vipande vitano hubadilishana. Mwaka 1999 na 2000, watafiti wa Zurich walitumia panya waliobadilishwa vinasaba na kuonyesha kwamba dawa ya kundi la benzodiazepini (dawa za kutuliza na kulaza kama Valium) inasinzisha kupitia vipokezi vyenye kipande kimoja (alfa-1) na inapunguza wasiwasi kupitia vyenye kingine (alfa-2). Ndoto ya dawa inayoondoa wasiwasi bila kumlaza mtu ikapata nguvu hapo. Bado watu wanaikimbiza.

---

Mama Wawili

Asante kwa elimu. Mimi nilikuwa mtulivu maisha yangu yote, nilipojifungua mtoto wa pili nikabadilika kabisa: silali hata mtoto akilala, nalia, nawaza mabaya. Nikaambiwa ni homoni. Je, na hii GABA inaingia?

---

Mtaratibu

Inaingia, dada, tena kwa mlango mkubwa.

Mwili hutengeneza kitu kinaitwa alopregnanoloni kutokana na projesteroni, homoni ya ujauzito. Kinakaa kwenye kipokezi cha GABA-A na kukifanya kijibu zaidi. Wakati wa ujauzito kinapanda sana, na baada ya kujifungua kinaanguka kwa kasi. Ubongo uliozoea miezi ile unatakiwa ujipange upya ndani ya siku chache. Kwa wanawake wengi unajipanga, kwa wengine unachelewa, na hilo halihusiani na upendo wa mama kwa mtoto wala uimara wa moyo wake.

Wazo hilo limezaa dawa. Machi 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha breksanoloni, ambayo ni alopregnanoloni yenyewe, kwa sonona ya baada ya kujifungua. Ilikuwa ikitolewa kwa dripu kwa saa 60 chini ya uangalizi, hadi mwisho wa 2024 ilipoondolewa sokoni. Agosti 2023 ikafuata zuranoloni, ya kumeza kwa siku 14. Hata hivyo si kila mwenye hali hiyo anazihitaji, kuna tiba nyingine zinazosaidia. Na kama hali hiyo bado ipo, au mawazo yanaelekea kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje hata kesho, nenda ukaonwe leo.

Na msongo wa kawaida? Amri ya kumwaga kotisoli, homoni ya msongo, inaanzia kwenye seli chache za haipothalamasi, na seli hizo muda wote zinashikiliwa na GABA. Tishio likija, zinaachiwa, tezi za adrenali zinapata amri, kotisoli inapanda. Likipita, zinashikwa tena. Mnakumbuka habari ya kloridi? Kwenye panya walioishi katika msongo, pampu inayotoa kloridi ndani ya seli hizi inapungua nguvu. Kloridi inarundikana, na GABA ikija haizuii vizuri, mara nyingine inakaribia kuamsha. Kiasi cha GABA hakijapungua hapo, ni seli iliyobadilika. Mtu wa namna hiyo hata ungemmiminia GABA zaidi, huna uhakika ungemsaidia.

---

Popo Mkesha

Aisee. Sasa tupe usingizi mkuu, jina langu unaliona.

---

Mtaratibu

Haha, nimeliona.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ugonjwa wa kuvimba ubongo ulisambaa Ulaya. Daktari mmoja wa Vienna, Constantin von Economo, aliona kwamba wagonjwa wengi walilala kupita kiasi, lakini wachache hawakuweza kulala kabisa. Alipochunguza ubongo wa waliofariki, wale wa kukosa usingizi walikuwa wameharibika sehemu ya mbele ya haipothalamasi. Akahitimisha kwamba pale kuna kitu kinacholeta usingizi. Ilichukua hadi 1996 kwa kundi la Clifford Saper huko Harvard kuzipata seli zenyewe. Ni chache, zinatoa GABA na kemikali nyingine iitwayo galanini, na zinawaka tukilala. Kazi yake ni kuvizima vituo vinavyotuweka macho, kikiwamo cha histamini. (Zile dawa za mzio za zamani zinazosinzisha zinafanya hivyo kwa kuizuia histamini hiyohiyo.)

Sasa sikiliza kinachokuhusu wewe. Vituo vya kukuweka macho navyo vinazizuia seli za usingizi. Pande mbili zinakandamizana, na anayepata nguvu kidogo humzima mwenzake haraka. Ndiyo maana tunaingia usingizini ghafla badala ya kuning'inia nusu macho saa nzima. Lakini ukiwa kitandani unapiga hesabu za madeni, au unajikaripia "lala, kesho kazi", vituo vya kuamsha vinapewa chakula na seli zako za GABA zinakandamizwa. Unakuwa umechoka hoi na macho makavu.

Ukishalala, kuna ganda jembamba la seli za GABA linalozunguka thalamasi, kituo ambacho taarifa karibu zote za hisi hupitia. Seli zile zinarusha kwa mafungu, takriban mara 11 hadi 15 kwa sekunde, na kuipunguzia sauti ya nje nafasi ya kufika juu. Mlango ukigongwa kidogo, huusikii.

---

Mbishi wa Zamu

Kama seli za usingizi zinatumia GABA, basi dawa inayoongeza nguvu ya GABA italeta usingizi. Mbona rahisi. Kwa nini madaktari wanazibania hizo dawa?

---

Mtaratibu

Zinaleta usingizi, hakuna anayebisha.

Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering walitangaza barbitali, na kwa nusu karne barbiturati zikawa dawa za usingizi za dunia. Shida yake ni kwamba zikiwa nyingi zinafungua lile tundu la kloridi hata GABA yenyewe isipokuwepo. Hazina dari. Ukizidisha, hata kituo cha kupumua kinazimika. Marilyn Monroe alifariki mwaka 1962 kwa sumu ya barbiturati, na hakuwa peke yake.

Leo Sternbach wa Hoffmann-La Roche ndiye aliyeleta kundi jingine, benzodiazepini. Librium iliingia sokoni 1960, Valium 1963. Hizi hazifungui tundu zenyewe, zinalifanya lifunguke mara nyingi zaidi GABA inapokuwepo. Kwa hiyo zikimezwa peke yake ni nadra zaidi kuua. Nasema peke yake. Ukizichanganya na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, pumzi inaweza kukata, na FDA iliziwekea onyo zito la mchanganyiko huo mwaka 2016. Mwaka 2020 wakaongeza onyo la uraibu na utegemezi.

Jibu la "kwa nini wanazibania" ni hili: ubongo unapigania mizani yake. Ukipokea msukumo wa GABA kila usiku, vipokezi vinapunguza mwitikio na upande wa glutamati unajiongeza. Baada ya wiki kadhaa kidonge kilekile hakilazi kama mwanzo. Kisha siku unayoacha ghafla, msukumo umeondoka ila mabadiliko ya ubongo yamebaki: wasiwasi unaoweza kuzidi ule wa awali, kutetemeka, kukosa usingizi, na kwa waliozoea dozi kubwa, degedege linaloweza kuua. Mtu anasema "unaona, bila dawa siwezi", kumbe sehemu ya anachokiona ni dawa inayotoka. Yeyote anayesoma hapa na anazitumia muda mrefu, USIACHE kwa mkupuo. Dozi inapunguzwa kidogokidogo na daktari, wakati mwingine kwa miezi.

Halafu usingizi wenyewe hauwi ule. Benzodiazepini hupunguza usingizi mzito wa mawimbi ya polepole. Saa zimeongezeka, ubora umeshuka. Kwa wazee ongeza kuanguka na kuvunjika nyonga. Zolpidemu na wenzake, dawa za usingizi zilizokuja baadaye, wanalenga zaidi vipokezi vya alfa-1, na watu walidhani ndiyo suluhu, lakini mwaka 2013 FDA ilishusha dozi ya kuanzia ya wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu asubuhi dawa ilikuwa bado imo damuni na watu wanaendesha magari. Mwaka 2019 likaja onyo jingine, la watu kutembea, kupika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini.

Sikatai dawa hizi. Mtu yuko kwenye degedege lisilokoma, diazepamu ni mkombozi. Mtu anaacha pombe baada ya miaka, benzodiazepini humvusha salama. Ugomvi wangu ni ile tabia ya kuzifanya za kila usiku kwa mwaka mzima bila mtu yeyote kuuliza.

---

Jicho la Tatu

Na pombe je? Maana kuna wanaosema glasi moja ndiyo dawa yao ya kulala.

---

Mtaratibu

Pombe inaipa nguvu GABA-A na papo hapo inaibana glutamati. Kwa hiyo kweli unalala haraka. Ikishaisha mwilini, saa chache baadaye, mizani inarudi kwa kishindo: saa tisa usiku uko macho, moyo unadunda, jasho. Wanywaji wengi wanadhani wana ugonjwa wa wasiwasi, na wengine wanao kweli, lakini kuna wasiwasi unaotengenezwa na chupa ya jana. Mlevi wa muda mrefu akiacha ghafla, siku ya pili hadi ya nne ndiyo ya hatari zaidi ya kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Huyo ni wa hospitali.

---

Dada Mtulivu

Nimesoma yote kwa adabu, sasa naleta upinzani. Mimi natumia vidonge vya GABA, vya kawaida vya lishe, na nalala vizuri kuliko zamani. Utaniambia najidanganya?

---

Mtaratibu

Siwezi kukuambia hivyo dada, usingizi wako unaujua wewe. Nitakachokuambia ni njia ambayo kidonge hakipiti.

Mishipa ya damu ya ubongo imezibwa kwa ukuta unaochagua sana cha kupitisha, na GABA ya kumeza inapita kwa shida sana, kama inapita. Ndiyo maana wenye viwanda vya dawa walihangaika kutafuta vitu vinavyoigusa GABA kwa pembeni badala ya kutengeneza kidonge cha GABA tu. Kingekuwa rahisi hivyo, wangeanza nacho. Majaribio ya vidonge hivi kwa binadamu yapo, ila mengi ni madogo na ya muda mfupi. Uchambuzi uliotoka mwaka 2020 ulikuta ushahidi finyu kwa msongo, na finyu zaidi kwa usingizi.

Je, mlango wa nyuma upo? Pengine, kupitia tumbo. Mwaka 2011 watafiti waliwalisha panya aina ya bakteria wa Lactobacillus, na panya wale wakapungua wasiwasi huku vipokezi vyao vya GABA ubongoni vikibadilika. Walipokata neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, matokeo yakatoweka. Inavutia sana. Lakini ni panya, na ni bakteria, si kidonge chako.

Kingine ni imani ya tiba. Ukiamini umemeza kitu cha kukulaza, unaacha kuusaka usingizi, na kuacha kuusaka ni nusu ya safari. Hilo silidharau hata kidogo. Kama unakitumia, mwambie daktari wako, hasa kama una ujauzito au una dawa za shinikizo la damu, kwa sababu GABA ya kumeza inaweza kulishusha shinikizo kidogo.

Tahadhari kwa wengine wanaofuatilia: msije mkafikiri basi mnunue B6 kwa wingi ili mtengeneze GABA yenu. B6 ikizidi kwa muda mrefu inaharibu neva, miguu inakufa ganzi. Na kuna kitu kinaitwa fenibuti, kilichobuniwa Umoja wa Kisovieti miaka ya 1960, ambacho ukuta wa ubongo kinaupita kweli. Kinauzwa mtandaoni kama "lishe ya utulivu". Hicho kaeni nacho mbali, utegemezi wake ni mbaya na kuacha ni vita.

---

Mbishi wa Zamu

Gabapentini je? Hiyo si ni GABA ya vidonge?

---

Mtaratibu

Umbo lake linafanana, lakini haikai kwenye vipokezi vya GABA. Yenyewe na pregabalini zinashika sehemu ya milango ya kalsiamu kwenye neva na kupunguza kemikali za kuamsha zinazotolewa. Njia nyingine kabisa, na nazo zina utegemezi wake.

---

Mama Wawili

Kwa hiyo mtu wa kawaida afanye nini? Usituache hewani baba.

---

Mtaratibu

Siwaachi. Kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016: tiba ya kwanza kwa mtu mzima ni tiba ya kubadili mawazo na mazoea ya usingizi, kabla ya dawa. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni ushauri wa "punguza mawazo". Hapana, ni programu kali yenye masharti. Unaamka saa ileile kila siku hata kama ulilala saa kumi. Kitanda ni cha kulala, huleti simu wala hesabu. Ukikaa macho muda mrefu unatoka, unarudi usingizi ukija. Na la kushangaza, wanakupunguzia saa za kuwa kitandani mwanzoni ili hamu ya usingizi ijirundike. Wiki za kwanza utamchukia aliyekushauri. Lakini faida yake inadumu baada ya tiba kuisha, na dawa hazina sifa hiyo.

Kwa wasiwasi, tiba ya kisaikolojia niliyoigusia juu, na dawa zikihitajika, zile za kuanzia kwa kawaida ni za kundi la serotonini, si hizi za GABA.

Mazoezi nayo yana kitu. Mwaka 2007 kundi la Chris Streeter huko Boston lilipima GABA ubongoni kwa kipimo cha sumaku, kabla na baada ya saa moja ya yoga, likakuta imepanda kwa asilimia 27 kwa waliofanya yoga, na haikupanda kwa waliokaa wakisoma. Walikuwa watu 8 wa yoga na 11 wa kulinganisha, kwa hiyo msiitundike ukutani. Mwaka 2010 walirudia kwa wiki 12, yoga dhidi ya kutembea, na waliofanya yoga wakaonyesha nafuu kubwa zaidi ya hisia na wasiwasi. Mimi kwangu muhimu ni kwamba hakuna aliyepata degedege kwa kuacha yoga.

---

Popo Mkesha

Swali la mwisho mkuu. Kuna maabara inatangaza kupima GABA kwa mkojo, wanasema watakuambia kama umepungukiwa. Nifanye?

---

Mtaratibu

Bakiza hela yako. GABA ya kwenye damu na mkojo inatoka sehemu nyingi za mwili, zikiwamo kongosho na bakteria wa tumboni, na haisemi lolote la uhakika kuhusu kinachotokea kati ya seli mbili za ubongo. Kipimo kinachoangalia ubongoni ni kile cha sumaku nilichotaja, kinatumika kwenye utafiti, na hata chenyewe kinatoa wastani wa eneo zima. Hakuna daktari anayegundua wasiwasi au ukosefu wa usingizi kwa kiwango cha GABA. Wanauliza maswali: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, unakoroma, unakunywa nini, unameza nini, limeanza lini. Andika majibu hayo kwa wiki mbili, uende nayo.